Siagi ya Sikukuu kwenye Keki ya Posa

Mie hii habari nilikuwa siisemi. Mtu akiniuliza kwa nini siku hizi kwenye shughuli za ukoo wetu sisogei jikoni, nilikuwaga nageuza maneno, nasema mgongo unanisumbua. Lakini Mtoni nzima wameshaijua, na kila anayeisimulia anaongeza chake (wapo wanaosema mzee wa watu alizimia, hakuzimia), kwa hiyo bora niiseme mwenyewe, mcheke, mnyamaze.

Nuru, binti wa kaka yangu Mbaraka, alikuwa kapata mchumba, kijana mtaratibu wa Kawe, na Jumamosi moja ya Januari washenga walikuwa wanakuja kuposa. Mie ndiye shangazi, tena shangazi peke yangu, kwa hiyo nilishajipa cheo cha msimamizi kabla sijaambiwa na mtu. Wifi yangu Salma, mama yake Nuru, akasema pilau tutapika wenyewe, ila keki ya kunywea chai tuagize kwa yule dada wa njia panda, anapika vizuri. Hapo ningenyamaza, leo ningekuwa na heshima zangu. Sikunyamaza.

"Keki ya kuagiza ya nini, wifi, na mie nipo? Friji yangu imejaa krimu na siagi ya hotelini, acha nizimalize kabla hazijaharibika."

Na kweli friji ilikuwa imejaa. Mdogo wangu Hamisi ni mpishi kwenye hoteli moja huko mjini, na Krismasi na mwaka mpya zilipopita wafanyakazi waligawiwa vilivyobaki jikoni, yeye akaniletea mie maboksi ya krimu na kopo kubwa la siagi lisilo na maandishi yoyote. Nikamuuliza swali moja tu, "Haina pombe?" Akasema, "Haina, dada, kula bila wasiwasi." Nikaridhika. Ina nini, hilo sikuuliza. Nilipofungua kopo nikaona siagi ina vipunje vya kijani kila mahali, nikajiambia hiyo ni iliki, kumbe na wao hotelini wanajua raha.

(Mtaniuliza, kwani hukusikia harufu? Jamani, nilikuwa na mafua yaliyoziba pua zote mbili, siagi yenyewe imeganda kama tofali, na huko kwa kaka nilikokwenda kuipikia, Salma na majirani walikuwa wanatwanga kitunguu saumu cha pilau, nyumba inanuka saumu mpaka mapazia. Ningejulia wapi?)

Keki ikatoka oveni imeumuka, rangi nzuri, majirani wakanisifu, kichwa kikavimba. Nikaanza kuchapa krimu, mashine inazunguka, mara umeme ukakatika. Nikamalizia kwa mkono mpaka bega likaniuma, na krimu ikagoma kusimama, imekuwa nusu povu nusu uji, lakini wageni walishapiga hodi na mie nilishatangaza keki ya krimu, kwa hiyo nikaipandisha juu yote, mlima mzima, nikaingia nayo sebuleni huku nikitembea kama bibi harusi.

Wageni walikuwa wamekaa kwenye jamvi, Mzee Shomari, mshenga mkuu, mtu mzima na kanzu yake imepigwa pasi vizuri, na pembeni yake Bi Tatu, shangazi wa kijana, mwanamama wa maneno machache. Nikatoa shikamoo, nikainama kumwekea mzee keki mbele yake, na lile joto la Januari mnalijua wenyewe, mlima wa krimu ukaanza kuondoka. Uliondoka wote kwa pamoja, taratibu, ukamwangukia Mzee Shomari mguuni, pwaa! Kabla sijapata kitambaa, paka wa Salma akatokea asikotarajiwa, akaanza kumlamba mzee vidole.

"Hapana neno, mama, hapana neno," mzee akasema, huku mguu unamcheza kwa mtekenyo.

Mtu mwenye akili angeirudisha keki jikoni. Mie nikamfukuza paka, nikamfuta mzee, nikakata vipande vinene, nikagawa.

Wakaanza kula. Mzee Shomari akatafuna, akaacha, akatafuna tena. Bi Tatu akafumba macho, mie nikajua kazidiwa na utamu. Nuru alikuwa amejificha nyuma ya pazia la korido, alishaonja makombo ya jikoni, ananipungia mikono yote miwili, nikadhani ananipongeza, na mie nikampungia. Halafu nikasema kwa sauti ya kujidai, "Ongezeni jamani, msione haya, hiyo ni iliki ya hotelini!"

Bi Tatu akaweka sahani chini. "Mzee Shomari, inuka twende. Tumeshajibiwa."

"Mmejibiwa nini tena?" kaka Mbaraka akauliza. (Yeye ana sukari, hakula.)

"Umemwendea mtu kwa heri, anakulisha keki ya kitunguu na chumvi, hapo kuna la kuuliza? Binti hamtoi. Mngesema tu kwa mdomo, sie watu wazima tungeelewa. Tumetoka Kawe na jua lote hili."

Wakanyanyuka. Nyuma ya pazia nikasikia Nuru anaanza kulia, kile kilio cha mtu anayejiziba mdomo, na hapo ndipo ningepiga magoti kuomba radhi. Unajua nilifanya nini? Nilikasirika. Kitunguu? Keki yangu mie? Nikabeba sahani, nikatoka mbio miguu mitupu, nikawakuta barabarani mbele ya duka, wanaume wanacheza drafti, kina dada wanasukana nywele, nikapaza sauti watu wote wakageuka.

"Bi Tatu! Nakula mbele yako, na mtaa mzima ushuhudie!"

Nikajaza mdomo. Jamani. Hata yale mafua yalifunguka. Saumu, chumvi, pilipili manga na sukari, vyote vinagombania ulimi mmoja, machozi yakanitoka, kutema siwezi maana watu wananitazama, kumeza nako koo halitaki. Mwishowe nikameza.

Nikatoa simu, nikampigia Hamisi, nikaweka sauti kubwa ili wageni wasikie. "Hamisi, ile siagi uliyoniletea ni ya nini?"

"Ile ya saumu na majani? Ya kupaka kwenye steki, dada. Au mkate wa moto. Kwani umeifanyia nini?" Nikaitazama sahani mkononi. "Dada... usiniambie umepikia keki."

Mtaa ukaangua kicheko, drafti ikamwagika, dada mmoja alicheka mpaka msusi akamwachia nywele. Bi Tatu alijikaza, midomo ikamtetemeka, kisha akaketi kwenye benchi la duka huku ameshika mbavu. "Yaa Rabi, nilidhani mmetutukana, kumbe mmejitukana wenyewe!"

Nikamshika mikono. "Nisamehe, Bi Tatu. Niadhibuni mie, mtoto hana kosa, analia huko ndani."

Akafuta macho, akamtazama Mzee Shomari, mzee akauliza jambo moja tu, kama pilau nalo nimepika mie. Alipohakikishiwa kuwa ni la Salma, wakarudi ndani, wakala wakashiba, na posa ikapokelewa jioni ileile. Nuru hakunisemesha mpaka wageni walipoondoka, na aliponisemesha, acha tu.

Tangu hapo nimeapa, kilichobaki na sikukuu kibaki na sikukuu, mie simalizii vya friji tena. Lakini watu hawasahau. Siku ya harusi yenyewe, ukumbi umejaa, keki ya ghorofa imeletwa katikati, MC anawaomba maharusi wasimame wakate, Bi Tatu akanyoosha mkono, akasimama na gauni lake la kumeremeta. "Samahani MC, kabla hatujalishana. Keki hii kapika nani?"

Na Nuru, bibi harusi mzima, aliyefundwa kutazama chini na kunyamaza, akainua shela lake, akapiga kelele, "Si shangazi!"

Ukumbi ulipiga makofi kuliko walivyopiga wakati maharusi wanaingia. Na mie nikapiga, ningefanyaje.