Mkaa Usio na Moshi

Shangazi yangu alikuwa hapingwi. Akisema upepo wa ziwa unamwingia mzazi mifupani, basi unamwingia, na anayebisha akabishane na kuku uani. Ndiyo maana dada yangu alipojifungua kifungua mimba wake, nyumbani kwetu Kasingirima, alifungiwa chumbani na moto hadi arobaini iishe, kama alivyofungiwa mama, na bibi kabla yake.

Ila mama alifungiwa kwenye nyumba ya udongo na nyasi, moto wake wa kuni, moshi ukizidi unamtoa mtu mbio. Dada alifungiwa kwenye nyumba mpya. Miaka ile ya Ujamaa redio ilituhimiza kila jioni tujenge nyumba bora, na baba akajenga kweli: bati juu, plasta mpaka kwenye kenchi. Mwanya uliobaki kati ya ukuta na bati shangazi akauziba kwa magunia. Chini ya mlango akasokomeza kanga kuukuu. Jiko aliliingiza mkaa umeshashika, mwekundu, hauna moshi. Nilimuuliza kama si hatari. Akasema kinachoua ni moshi, hapa uko wapi? Akanitupia na ile ya mkaidi hafaidi ila siku ya Idi.

Asubuhi moja ya mvua nilikuwa namkanda dada. Bibi alikuja kumchukua mtoto akamwogeshe chumba cha pili, na shangazi akairudishia kanga yake mlangoni. Tukabaki wawili, tukimsengenya shangazi. Kisha kichwa kikaanza kunigonga. Dada naye akasema chake kinapasuka, akalaumu uzazi, akasema ana usingizi. Nikamwacha alale, kwani mzazi anyimwe usingizi? Kichefuchefu kikanipanda, nikataka kuinuka, miguu ikakataa. Wallahi niliogopa. Akili inaniambia toka, mvua naisikia juu ya bati, na miguu si yangu tena. Nikatambaa, nikaupiga mlango kwa kichwa mpaka bibi akaufungua.

Dada alitolewa amelegea, hajitambui. Hospitalini daktari alitueleza kwamba mkaa ukiwaka mahali palipozibwa hutoa hewa isiyoonekana wala kunuka. Hiyo huingia kwenye damu na kukalia nafasi ya hewa njema, mwili ukakosa pumzi huku mtu anavuta pumzi, na ubongo ndio wa kwanza kuumia. Dada alipozinduka tukashukuru Mungu. Daktari hakufurahi kama sisi. Alisema tumwangalie kwa wiki kadhaa, kwa kuwa wengine hupona kwanza, kisha ndipo huharibikiwa.

Alirudi nyumbani akicheka na kunyonyesha. Shangazi akachinja jogoo, akasema madaktari kazi yao kutisha watu. Nilimchukia kwa maneno yale, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumchungulia dada. Alitia chumvi kwenye chai. Akaenda kisimani, akasimama njiani na ndoo mpaka jirani akamrudisha. Kila aliposahau kitu, nilihesabu zile wiki za daktari.

Adhuhuri moja mtoto alilia kwa njaa, nikampelekea. Dada alikuwa amekaa mkekani, maziwa yanamtoka, yamelowesha kanga kifuani. Akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa kwa watu.

“Mzuri,” akasema. “Mama yake yuko wapi?”

Nikamwambia anakuja.