Leo Siumwi

Eucabeth alikuwa akipiga pasi kanzu za baba mwenye nyumba alipomsikia madam akilalamika kwenye simu. Madam alikuwa karani wa kampuni moja ya mizigo bandarini Jeddah, na jioni hiyo alikuwa amejitupa sofani bila hata kuvua viatu.

"Idi imepita, na mpaka Idi ya Hija hakuna sikukuu hata moja," alimwambia rafiki yake. "Ni kazi tu. Wallahi nitakufa kabla haijafika."

Eucabeth, ambaye miaka yake pale mtaani Al-Nuzha ilikuwa imempa Kiarabu cha kutosha hata kuwasengenya majirani, aligeuza kanzu upande wa pili akaendelea na pasi. Lakini maneno yale yalimkaa. Madam alikuwa na Ijumaa na Jumamosi zake za mapumziko kila wiki. Na hiyo Idi iliyopita, yeye Eucabeth aliisikia tu kutoka jikoni, mikono imezama kwenye masufuria ya wageni.

Hakuzaliwa mnyonge. Kabla ya kuja Saudia alichuma chai Kericho, na kila Leba Dei alivaa kofia ya chama cha wafanyakazi akaenda uwanjani na wenzake kusikiliza hotuba ndefu zisizokwisha. Kisha walinunua miwa, wakakaa kwenye nyasi wakicheka ovyo mpaka jua lipoe. Hakuna aliyewaita wavivu. Ilikuwa siku yao.

Mwaka huu Leba Dei ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku ngumu kuliko zote katika nyumba ile. Ndugu wote wa baba mwenye nyumba walikuja kula chakula cha mchana baada ya swala, na wake zao, na watoto wao, na njaa zao. Siku mbili kabla, Eucabeth alimfuata madam sebuleni.

"Madam, Ijumaa nataka ijaza, likizo ya siku moja. Nataka kupumzika."

Madam alicheka, si kwa ubaya. "Ijumaa? Na wageni? Ngoja Idi ya Hija, habibti."

"Idi, madam, hunipa wageni zaidi."

"Halas, Eucabeth. Tutaona."

Usiku huo alimpigia simu Griffins, mdogo wake, dereva wa ofisi moja huko Al-Murabba, Riyadh.

"Dada, kwani shida iko wapi?" Griffins alisema. "Sema unaumwa. Sisi wote hufanya hivyo. Mimi Pasaka nililala na mgongo."

"Ulikuwa unaumwa mgongo?"

"Aah, mgongo gani? Nililala tu."

"Basi Pasaka yako ilikuwa ya mgonjwa," Eucabeth alimjibu. "Mimi sitaki kupumzika kama mgonjwa. Nina mwili mzima."

"Watakurudisha ofisi ya wakala, utajuta."

"Wanirudishe."

Alisema hivyo, lakini alipokata simu alianza kuhesabu karo. Alikuwa na watoto wawili shuleni Nyamira.

Ijumaa asubuhi alioga, akavaa gauni lake la kitenge, akajifunga kilemba, akaketi kitandani katika chumba chake kidogo kando ya mashine ya kufulia. Mlango aliuacha wazi. Hakutaka mtu adhani amejificha. Madam alikuja akiwa ameshika kitunguu.

"Yalla, Eucabeth! Mchele bado haujaoshwa."

"Leo nimepumzika, madam. Nilikwambia."

Madam alimkodolea macho, akamwita mumewe. Baba mwenye nyumba alikuwa mtu mpole asiyependa kelele. Alisimama mlangoni akamtazama Eucabeth juu hadi chini.

"Wewe taabana?" aliuliza. Kwao neno hilo moja hutosha kwa aliyechoka na kwa anayeumwa. "Taabana, sawa, lala. Nitakuletea Panadol. Madam ataagiza chakula hotelini."

Hapo mambo yangeweza kwisha kirahisi. Angetikisa kichwa tu, angepata siku yake, na kidonge juu. Eucabeth alilijua hilo, na ndilo lililompandisha hasira. Mwili wake ulikuwa na ruhusa ya kuharibika, lakini haukuwa na ruhusa ya kukaa chini ukiwa mzima.

"Mafi taabana, baba," alisema. "Leo siumwi. Hii ni ijaza."

"Nitawapigia ofisi!" madam akafoka.

"Piga, madam."

Walimwacha. Wageni walifika, chakula kikaja kwenye maboksi, na Eucabeth akasikia wake wa ndugu wakigonganisha vikombe kwenye sinki, wakiulizana sabuni iko wapi. Kisha mmoja wao akauliza kwa sauti, "Mfanyakazi wenu yuko wapi leo?"

"Maskini, anaumwa," madam akajibu. "Taabana sana."

Eucabeth alisimama. Alikwenda moja kwa moja hadi sebuleni, na kitenge chake na kilemba chake, mbele ya familia nzima.

"Siumwi," alisema kwa Kiarabu, polepole, ili asikosee hata neno. "Mimi mzima, namshukuru Mungu. Nafanya kazi siku zote. Leo nimepumzika. Karibuni chakula."

Akarudi chumbani kwake. Akakaa hapo hadi jioni, mara alie, mara acheke peke yake.

Madam hakumsemesha kwa muda wa wiki nzima. Mtu wa ofisi alikuja, akamtishia, akamwambia tiketi ya Nairobi inaweza kukatwa hata kesho. Eucabeth alimwambia sanduku lake ni jepesi. Lakini baba mwenye nyumba, aliyekuwa amekaa kwenye kona, akasema hataki mtu mwingine, watoto wao wamemzoea huyu. Wakabishana, madam akalia, mwishowe wakampa Jumamosi. Si kila Jumamosi; moja ndiyo, moja hapana. Eucabeth alitaka zote. Alichukua hiyo nusu na kuwaambia wazi kwamba ataidai iliyobaki.

Jumamosi ya kwanza hakujua aende wapi. Joto la Jeddah lilikuwa limeanza kuuma. Alinunua juisi ya embe dukani, akatembea kwenye kivuli cha kuta za majumba, akazungumza na Lydia, mfanyakazi Mkenya wa nyumba ya pili, kupitia geti kwa sababu Lydia hakuruhusiwa kutoka. Akamweleza yote, na Lydia akataka arudie kile Kiarabu cha sebuleni, neno kwa neno, mpaka akakishika.

Aliporudi giza likiingia, alikuta sinki limejaa vyombo na madam amesimama kando, akingoja.

"Kesho asubuhi, madam," alisema Eucabeth, akapita.