Kufuli Nililolipeleka kwa Shangazi

Baba ndiye aliyenituma. Dada yake, Shangazi Nyangeta, alikuwa mjane wa Butiama asiye na mtoto wa kiume, na binti zake wote wameolewa mbali. "Mlete hapa Bunda," baba akasema. "Nyumba uifunge." Akanipa kufuli jipya. Miaka ile ya mwanzo wa soko huria bidhaa ndiyo kwanza zilikuwa zinarudi madukani, kwa hiyo nililibeba kwa heshima zote.

Asubuhi nilitoka kwetu Nyasura, palepale Bunda, nikadandia lori la pamba hadi Makutano. Kutoka pale ni miguu tu na jua la utosi, katikati ya mashamba ya mtama, mpaka vilima vya mawe vya Butiama.

Saa nane nikabisha hodi. Akatoka dada mmoja, futi ya fundi cherehani shingoni. Mimi na kiherehere changu nikadhani ni msaidizi wa kazi.

"Dada, mfungie mama vitu vyake. Kesho naondoka naye."

Akaangua kicheko. Shangazi akatokea nyuma yake, amekunja uso.

"We Magesa! Huyo ni Wegesa, shemeji yako."

"Shemeji? Mume wake yuko wapi?"

"Sikuzaa wa kiume, nimeoa mwenyewe. Ng'ombe wa mahari nimetoa mimi, na watoto wake ni wa mji huu. Bibi zako walikuwaga wanaoa hivihivi. Shule imekusahaulisha?"

Aibu iliyonishika, acha tu! Hiyo ndiyo nyumba ntobhu, desturi yetu ya mwanamke kuoa mwanamke, anayehesabiwa mkwe, amzalie watoto ili mji wake, yaani kaya yake, usife. Nilidhani imeshakwisha.

Jioni Wegesa alikuwa anashona sare za shule huku anatusimulia. "Nilimwambia mama, cherehani yangu naingia nayo, na watoto wangu watasoma, wa kike na wa kiume. Hataki, atafute mwingine."

"Nikakubali palepale," Shangazi akasema. "Nilitaka mtu mwenye mdomo."

Nikawapenda wote wawili. Nilitumwa kumwokoa mtu aliyekwisha kujiokoa, tena bila kutuomba ruhusa.

Kesho yake naaga, Shangazi akanyoosha mkono. "Kufuli niachie. Wegesa atafungia sanduku la vitambaa."

Nilifika Nyasura jua linazama. Baba alikuwa barazani.

"Nyumba umeifunga?"

"Kufuli limebaki huko, baba," nikamjibu. "Nyumba iko wazi, na umepata mkwe."