Mguu Uliopimwa na Fundi Cherehani

Tangu kulipopambazuka Maswali alikuwa hakaliki. Maji ya chai aliyabandika yakakauka, akabandika mengine, nayo yakapoa bila kuguswa. Chumba chenyewe cha bweni ni vitanda viwili na meza, ukinyoosha mikono unagusa ukuta, lakini asubuhi hiyo alikizunguka utadhani kadondosha pete. Mwenzake wa chumbani, msichana anayesomea muziki, alifunua blanketi akamkodolea macho.

"Kwani leo unaolewa?"

"Leo baba yangu anatembea!" Maswali akajibu, akaendelea kuzunguka.

Maswali si jina la kwenye cheti, jamani. Alipewa na baba yake tangu utotoni kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Baba huyo ni fundi viatu, na mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti baada ya ajali ya lori, Maswali hata hajazaliwa. Mtaani wanamwita Kiatu Kimoja, naye huitika bila kinyongo. Siku moja Maswali, akiwa bado mdogo, amekaa chini ya meza ya kazi katikati ya harufu ya gundi na ngozi, aliuliza: "Baba, ukijishonea kiatu, kile cha pili hukishona?" Baba akajibu bila kuinua macho, "Cha pili cha nini, mwanangu? Nikivae kichwani?" Wateja wakacheka mpaka wakashika mbavu, na swali likafia hapo.

Sasa mwaka ulikuwa umekatika tangu Maswali apande ndege kwenda nchi ya watu kusomea utengenezaji wa miguu bandia. Na mwaka gani huo, we acha tu! Mwanzoni alitembea na koti juu ya koti, hajuani na mtu, lugha inampita tu masikioni. Mwalimu akisema jambo, yeye anatikisa kichwa na kutabasamu, kisha anachungulia jirani anafanya nini. Siku ya kwanza ya kukoroga plasta aliikoroga kwa mkono, akaduwaa kidogo tu, ikamgandia kwenye ndoo na mkono umo ndani. Mwalimu alikuja kumkomboa kwa nyundo huku darasa zima likiangua kicheko. Akampigia mama yake simu akilia.

Mama yake ni fundi cherehani, na kubembeleza si kazi yake. "Mimi sindano ya kwanza ilipita kidoleni," alisema. "Nikafunga kitambaa, nikamaliza gauni la watu. Futa machozi, urudi karakana."

Akarudi. Na alivyorudi, hee, hakutoka tena! Alijifunza kuchonga plasta kwa tupa mpaka ikapata umbo la mguu wa mtu, kuyeyusha plastiki na kuivuta juu yake ingali moto, kutafuta kwa ncha ya kidole pale mfupa unapokataa kuguswa. Bibi mmoja wa huko, mgonjwa wake wa kwanza, alisimama juu ya mguu aliomtengenezea, akapiga hatua, kisha akamvuta Maswali shavu kwa furaha mpaka likawa jekundu. Siku hiyo alirudi bwenini akiimba njiani, na watu wakimpisha.

Nyumbani alipiga simu kila Jumapili. Mama huiegemeza simu kwenye cherehani, wala haachi kushona, kwa hiyo kila habari ya nyumbani ilimfikia ikisindikizwa na mlio wa cherehani: nani kaoa, nani kagombana na nani, paka kafanya nini. Baba husalimia kwa mbali. Na kila akisikia mikongojo yake ikigonga sakafuni, Maswali hujiuliza, hivi mimi nawasimamisha wazee wa wenzangu, wangu je?

Basi akamwomba mwalimu ruhusa ya kutumia mabaki ya karakana. Mwalimu akakuna kidevu. "Usimtengenezee mguu mtu ambaye hujamshika mguu wenyewe," alimwonya. Maswali akasema amesikia, akaenda kutengeneza. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa guu lenyewe ndilo lililokuwa likitengenezwa!

Kikwazo kikubwa alikuwa baba. Zamani aliwahi kupewa mguu bandia, ukambana, ukamtoa kidonda, akautupa uvunguni na paka akazalia humo. Tangu hapo hataki kusikia. Maswali alimsihi Jumapili baada ya Jumapili, mpaka mzee akachoka kukataa.

"Haya. Nitatembea nao mara moja tu," alisema. "Ukiniudhi, nampa paka. Na wewe usinitajie tena habari za miguu mpaka naingia kaburini. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba."

"Niapie."

Akaapa. Mara moja tu! Mwaka mzima wa plasta na baridi ulikuwa unakwenda kupimwa kwa mara moja hiyo.

Vipimo alivichukua mama, kwa utepe wake wa ushonaji, Maswali akimwelekeza kwenye simu: hapa chini ya goti, sasa shuka kidogo, sasa kwenye ncha. Baba alikaa kama mteja wa suti, akilalamika kwamba utepe una baridi. "Kiatu cha kuuvalisha mnunue chochote," Maswali alisema mwishoni. Baba akadakia, "Kiatu niachieni mimi."

Mguu ulisafiri kwenye begi la mwanafunzi mwenzake aliyekuwa anarudi likizo. Uwanja wa ndege ofisa alifungua begi, akaruka nyuma. "Mguu wa nani huu?" "Wa baba wa rafiki yangu." "Na baba mwenyewe yuko wapi?" Ilibidi waitwe wakubwa. Lakini ulifika, na leo ndiyo siku.

Simu ikaita. Maswali aliidaka nusura imponyoke. Kwenye kioo cha simu ikatokea pua ya mama, kisha dari, kisha magoti ya baba. Mguu ulikuwa umeshavaliwa, na kiatu chini yake. Kwa kiherehere alichokuwa nacho, Maswali hakukitazama hata kidogo.

"Baba, shikamoo! Simama! Taratibu, lakini simama!"

"Marahaba. Mbona unanikimbiza, nimeiba?" Baba akajiinua kwa mikongojo, akaegemea upande wa kushoto. Mguu ukazunguka. Ncha ya kiatu ikaangalia dirishani huku baba anaangalia mlangoni.

"Unapwaya," akasema. Akakaa. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Maswali. "Umejitahidi, mwanangu. Basi, yaishe."

Moyo wa Maswali ulimwanguka. Alichonga mwenyewe, alipima na kupima tena, alipunguza pale panapopunguzwa ili mguu ukae barabara. Unapwayaje? Vipimo vilikuwa vya mama, na mama hajawahi kukosea kipimo tangu aanze kushika mkasi... Mara akapiga kelele, mwenzake akakaa kitako kitandani.

"Mama! Vile vipimo ulivyonisomea, uliongeza?"

"Si niliongeza nafasi!" mama akajibu, kama aliyeulizwa kama maji yana unyevu. "Vidole viwili kila mahali. Ningempimiaje mtu kitu kimbane? Mimi fundi, bwana!"

"Mama, huo ni mguu! Si suruali!"

Baba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiti. "Haki ya nani, huyu mwanamke kaniongezea na pindo!"

"Baba, nisikilize," Maswali akasema mbiombio, machozi na kicheko vimechanganyika. "Ungebana, ningekuwa sina la kufanya. Kupwaya kuna dawa. Kwenye mfuko uliokuja na mguu mna soksi nene za kigutu. Vaa mbili juu ya hiyo moja uliyovaa, kisha uingize."

"Nilisema mara moja tu."

"Ulisema utatembea mara moja. Hujatembea, umesimama. Mara yako bado iko palepale!"

Baba akaitazama simu. "Mke wangu, huyu hakwenda kusomea miguu. Kaenda kusomea uwakili." Lakini mkono wake ulikuwa umeshanyooka kuomba soksi.

Ya pili ikaingia, bado. Ya tatu ikaingia, mguu ukatoa pumzi na kutulia. Baba akasimama. Akauegemea, akauegemea zaidi, uso umekunjamana akisubiri kuumia. Hakuumia. Akampa mama mkongojo mmoja. Kisha akampa wa pili, na mama, kwa kuwa mikono ilimjaa, akaibwaga simu juu ya cherehani na kumfuata.

Maswali alibaki akitazama dari na kipande cha gurudumu la cherehani. "Mama! Mama, nigeuze!" Nani wa kumsikia? Ikabidi asikilize tu. Mkongojo haukugonga. Ilisikika hatua ya kimya, halafu hatua inayolia kwii, kama kiatu kinachovaliwa kwa mara ya kwanza. Kimya, kwii. Kimya, kwii. Ikavuka kizingiti. Nje mama akapiga vigelegele, na jirani mmoja akapaza sauti, "Njooni mwone! Kiatu Kimoja kavaa viwili!" Maswali alikuwa ameketi sakafuni, anacheka na kulia kwa pamoja, mwenzake kamkumbatia shingoni bila kuelewa neno hata moja.

Mama alirudi akihema, akaichukua simu.

"Keshafika kwa muuza mkaa! Kakataa kurudi!"

"Mama, kile kiatu kinacholia, cha kushoto. Mmekinunua wapi?"

"Kununua? Kiko ndani siku zote. Ni pacha wa hicho cha kulia anachokivaa tangu mwaka juzi. Kilikuwa sandukuni na wenzake."

"Wenzake gani?"

"Vya kushoto vyote." Mama akamshangaa. "Kwani wewe ulidhani baba yako anajua kushona kiatu kimoja?"