Jumamosi Kaka Alipokalia Maiki

Kaka yangu ni fundi makochi, na kama umewahi kukalia kochi lililopita mikononi mwake, unajua kwamba yeye si mtu wa kulipua kazi. Springi anazifunga kwa kamba moja moja, anazibonyeza kwa kiganja, anatega sikio. Ikilia vibaya anaifungua upya, hata kama mteja amesimama mlangoni na uso umemvimba. Mimi ni mdogo wake, nina duka la vifungo na nyuzi mlango wa pili, na nimeshachoka kumwombea radhi kwa wateja. Uvumilivu wa ukoo mzima kauchukua yeye. Mimi sikuachiwa hata wa kusubiri chai ipoe.

Juu ya bati la karakana yake kuna mlingoti wa mabomba ya maji, na kwenye mlingoti kuna antena. Wageni wa mtaani hudhani ni kamba ya kuanikia nguo iliyowekwa juu mno. Ndani, kwenye rafu, katikati ya makopo ya gundi, kuna redio ya mawasiliano, ile ya kusema na kusikia, siyo ya muziki na taarifa ya habari. Leseni yake kaitundika ukutani ndani ya fremu nzuri kuliko ya picha yangu ya harusi.

Alianza mambo hayo baada ya wifi yangu kufariki. Watoto walikuwa wameshaondoka, kila mmoja na maisha yake, na jioni zikawa zinamshinda. Mteja mmoja, mstaafu wa kampuni ya umeme, alileta kochi akamkuta ameinamia misumari, hasemi na mtu. Akamwambia, "Fundi, njoo klabuni kwetu. Kule watu wanaongea." Mstaafu huyo ndiye mwenyekiti wa klabu ya redio mpaka leo, kwa sababu kila uchaguzi ukifika wengine wote huanza kutazama viatu vyao.

Klabu ina chumba nyuma ya maktaba, chenye meza moja, feni ya kelele, na waya nyingi kuliko watu. Nilikwenda mara moja nikakuta watu wazima wanabishana kuhusu urefu wa waya kwa ukali ambao mimi nauweka akiba kwa ajili ya wezi. Wanatengeneza antena, wanawafundisha wanaotaka kufanya mtihani wa leseni, wanalalamika kwamba siku hizi kila mtu anaona simu inatosha. Mimi nami niliona simu inatosha, mpaka mwaka ule wa mvua kubwa, mtandao ulipokatika na zahanati ya ng'ambo ya mto ikakosa njia ya kuomba dawa. Klabu ilipokezana ujumbe tangu asubuhi hadi jua linazama. Ndipo nilipoujua utaratibu wao: anayepokea ujumbe lazima aurudie wote, neno kwa neno, ndipo ajibu. Nilikaa juu ya rundo la sponji nikamsikiliza kaka yangu akitaja majina ya dawa ambayo hata kuyatamka ni adhabu. Nilijivunia sana siku ile, ingawa sikumwambia.

Aliyekuwa akimrudishia majina yale, kwa redio ya nyumbani kwake mtaa wa pili, alikuwa Mwalimu.

Mwalimu ni mjane, anafundisha hesabu shule ya msingi, na kila Jumamosi alasiri ndiye anayeendesha wito wa klabu. Anawaita wanachama mmoja mmoja, kila mmoja anaeleza anavyomsikia na hali ya hewa ya kwake, mwisho anauliza kama kuna mwenye ujumbe, halafu anafunga. Kwa mtu kama mimi ni jambo la kusinzia. Kaka yangu alikuwa anaoga kwa ajili yake. Kuoga, kwa redio! Anaoga, anachana nywele, anavaa shati lenye kola, anakwenda kusimama mbele ya rafu na kusema, "Nakusikia vizuri sana, mawingu kidogo, ova," yaani nimemaliza, zamu yako. Alikuwa anampenda mama wa watu, na alikuwa anaogopa kumwambia.

Jumamosi ninayoisema, kulikuwa na kochi kubwa katikati ya karakana, limevuliwa kitambaa, limebaki springi na gunia. Kaka aliitwa akaitikia huku waya wa maiki umevutika mpaka kwenye kochi, maana hata hapo alikuwa anakagua mafundo yake. Alipomaliza akaiweka maiki juu ya kochi. Nikaingia na chakula chake. Nikatupia sponji juu ya springi, nikamwambia, "Kaa ule kabla hakijapoa." Akakaa.

Sasa, maiki ile ina kitufe ubavuni. Ukikibonyeza, unasema na wote wanakusikia. Lakini muda wote ambao umekibonyeza, wewe humsikii mtu, na hakuna mwingine anayeweza kusema, maana umewazibia njia wote. Maiki ilikuwa chini ya sponji, na kaka yangu, Mungu amzidishie, ana mwili. Kitaa chekundu cha redio kiliwaka nyuma ya mgongo wake, naye akala.

"Kimya leo," akasema huku anatafuna.

"Labda Mwalimu kawachoka," nikamwambia. "Ningekuwa yeye ningeshahama. Huyo mwenyekiti wenu peke yake anatosha. Akianza kueleza mawingu yake, mvua inanyesha mpaka inakauka, bado hajamaliza."

"Muache mwenyekiti."

"Haya, nimemuacha. Mwalimu utamwambia lini?"

Akaacha kutafuna. "Nimwambie nini?"

"Kaka, usinifanye mtoto. Unaiogea redio!"

Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. "Na akikataa je, mdogo wangu? Wewe unaona ni kukataliwa tu, mtu anarudi kwake, yamekwisha. Mimi wiki nzima naivuka kwa kuitazama Jumamosi. Nikimwambia akakataa, redio nitaiwashaje? Nitakuwa nimempoteza yeye na klabu yote kwa mara moja. Afadhali nibaki na mawingu kidogo."

Maneno yale yaliniuma, na mimi nikiumia huwa mkali.

"Basi jaribu kwangu. Mimi ndiye Mwalimu. Sema."

"Acha utoto."

"Sema! Na usikunje uso hivyo, utafikiri unang'olewa jino."

Akaweka sahani chini, akafuta mikono kwenye suruali. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akatazama ukuta, akaanza taratibu.

"Mwalimu, mimi si msemaji. Mke wangu alipofariki nilidhani siku za kusikilizwa na mtu zimekwisha. Halafu wewe ukaniuliza hali ya hewa. Hakuna aliyekuwa ananiuliza chochote. Siku hizi hata mvua ikinyesha katikati ya wiki natoka nje kuitazama vizuri, ili nije nikueleze. Ningependa nikueleze nikiwa nimekaa karibu yako. Ni hilo tu."

Niligeukia dirishani, maana macho yalikuwa yameshalowa. "Maneno mazuri hivyo," nikamwambia, "na bado unayafungia ndani?"

Hapo mlango ukasukumwa kwa kishindo. Alikuwa mwenyekiti, kandambili mguu mmoja, mguu wa pili peku, jasho linamtiririka, pumzi za kusema hana. Akawa anamwonyesha kaka yangu kwa kidole, sehemu aliyokalia.

"Inuka!" akapata sauti. "Fundi, inuka kwenye kochi!"

"Kuna nini, mwenyekiti?"

"Umekalia maiki! Klabu nzima inakusikia tangu ulipoanza kula! Tumepiga simu zenu mpaka vidole vimechoka!" Simu ya kaka huzimwa wakati wa wito, kwa heshima, yangu niliiacha dukani. Mwenyekiti akanigeukia. "Na wewe, mama, mawingu yangu nitayaeleza ninavyotaka."

Sikuwa na pa kuuweka uso. Lakini aibu yangu ilikuwa cha mtoto mbele ya aibu ya kaka. Aliinuka kama aliyekalia sindano, akaichomoa maiki chini ya sponji, akaitazama. Kitaa kikazima. Redio ikavuma kidogo, kisha ikaja sauti ya Mwalimu, tulivu kama Jumamosi zote. Alimwita mwanachama aliyefuata.

Akaitikia. Akafuata mwingine, na mwingine, wote kwa adabu kubwa, kama watu waliofika ugenini wakakuta wenyeji wanagombana. Hali ya hewa nzuri. Hali ya hewa nzuri. Kaka yangu alikuwa ameketi sakafuni, kichwa mikononi.

"Nimekwisha," akasema. "Sina tena pa kwenda."

Nilimshika bega, nikaketi naye sakafuni.

"Kuna mwenye ujumbe?" Mwalimu akauliza, kama kawaida ya mwisho wa wito. Hakuna aliyejibu. "Basi mimi ninao. Leo kuna ujumbe umepita hewani bila kurudiwa. Sisi hatufanyi kazi hivyo. Naurudia."

Akaurudia, wote, kama alivyouandika daftarini. Na maneno yangu hakuyaacha: aliposoma kwa sauti ya darasani, "Usikunje uso hivyo, utafikiri unang'olewa jino," mwenyekiti alilazimika kushika ukingo wa kochi. Kisha akaingia kwenye maneno ya kaka. Alipofika pale pa kutoka nje kuitazama mvua, alisoma polepole zaidi, kama asiyetaka yaishe. Hakuruka neno. Kaka alikuwa ameshainua kichwa.

"Mwisho wa ujumbe," Mwalimu akasema. "Fundi, nimerudia sawasawa?"

Kaka akabonyeza kitufe, safari hii kwa kidole. "Sawasawa, Mwalimu. Ova."

"Jibu langu ni—"

Redio ikapiga ukelele wa kutoboa masikio. Watu wazima wale, wanaojua sheria zao kama majina ya watoto wao, walishindwa kujizuia wakabonyeza vitufe vyao wote kwa pamoja, na wakisema wengi kwa wakati mmoja hakuna anayesikika, unabaki mlio. Mwenyekiti akachomoa redio yake ya mkononi akafoka, "Nyamazeni!" Akaongeza mlio.

"Kasema nini?" kaka akauliza.

"Sijui!"

"Wewe umesikia?"

"Nitasikiaje, Kaka, na hawa wendawazimu wenu?"

Nilidhani atasubiri. Maisha yake yote amekuwa mtu wa kusubiri. Lakini aliitupa maiki kwenye kochi, akatoka mbio, na vipande vya nyuzi kichwani. Tukamfuata, mimi na mwenyekiti na kandambili yake moja, tukapita mbele ya kinyozi na duka la dawa, watu wanatoka nje kuuliza nani kaibiwa.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni kwake, vipokea sauti vimening'inia shingoni. Kaka alisimama mbele yake akihema, kola imepinda.

"Mwalimu," akasema, "jibu lako sikulipata. Wamekuzibia."

Mwalimu alimtazama, uso umejaa kicheko anachokizuia. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimeng'ang'ania geti ili nisianguke.

"Pole kwa mbio, wifi," akaniambia. "Ingia ndani unywe maji."

Wifi! Kaniita wifi mbele ya watu! Mwenyekiti alielewa upesi akaanza kupiga makofi. Kaka yangu, mtu wa kukagua kila fundo, alikuwa bado analirudia neno lile midomoni.

"Umemwita wifi," akasema.

"Nimemwita wifi," Mwalimu akamjibu. "Na hewani nilisema ndiyo."

Ndipo kaka alipocheka, kicheko kirefu ambacho sikuwa nimekisikia tangu marehemu atutoke, na mimi nikalia palepale getini, kwa sauti, bila kujali nani ananitazama.