Sentensi ya Haimanti Pakrashi

Katika filamu kumi na moja Haimanti Pakrashi alibeba chai bila kusema neno. Ya kumi na mbili ikampa sentensi: "Barua ya kaka yako imefika; anaiuza nyumba." Mwalimu huyo mstaafu aliitangaza kwa muuza samaki, kwa daktari wa meno huku kinywa kikiwa wazi, na kwa mtaa wake mzima wa kaskazini mwa Kolkata, ambao uliahidi kwenda kuisikia.

Siku ya kupiga picha, Debopriyo, mwongozaji anayevaa skafu hata katika joto kali la Mei, akaifuta.

"Shangazi, pazia litasema."

"Litasema nini, mwanangu?"

"Kila kitu."

Pazia likapepea dakika nne. Lilipendeza, hilo halina ubishi. Haimanti akapita na chai, kamera ikimtazama mgongo, na familia nzima ikalia dirishani kwa sababu iliyojulikana sasa na pazia peke yake.

Mtaani walimngoja. "Vipi shangazi, umesema, au umemwaga chai?"

"Nimesema!"

Uongo huo ulikuwa na umri wa kuishi mpaka filamu itoke. Tangu hapo akawa anakwenda sokoni kwa njia ya uani.

Ndipo alipoitwa studio. Filamu ilipigwa bila sauti, kama kawaida yao. Sauti zilitiwa baadaye, kila mwigizaji akiifuata midomo yake kwenye skrini. Yeye alitakiwa kukohoa, basi. Taa zikazimwa, mgongo wake ukatokea, na moyo ukamruka kama wa msichana aliyetoroka shule. Mgongo hauna midomo! Unaweza kusema lolote.

Akakohoa. Kisha, kwa sauti iliyonyamazisha madarasa miaka thelathini: "Barua ya kaka yako imefika, anaiuza nyumba."

Tarapada, fundi sauti, aliyekwisha kuitazama filamu mara tisa, akaruka kitini. "Alaa! Kumbe ndiyo maana wanalia!"

Debopriyo, aliyeketi nyuma yao, akataka kipande kirudiwe pamoja na sauti. Akalitazama pazia dakika zote nne.

"Tarapada, pazia limezidi kupendeza, au ni macho yangu?"

"Limepata la kupepea, kaka."

"Basi iache. Toa kikohozi."

Haimanti, miaka sitini na minane, alishuka ngazi mbili mbili. Akarudi nyumbani kwa barabara kubwa, polepole, na kwa muuza samaki akasimama kitambo kirefu, ingawa samaki hakuwa na haja nao.