Mume Wangu Aliniita Kiboko Mbele ya Madungu Yote

(Barua hii imetufikia kutoka Rufiji. Jina la mwandishi tunalo na tutakaa nalo wenyewe. Wasomaji, mpeni shauri.)

Bwana Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu, maana huku kwetu gazeti moja husomwa na kijiji kizima. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Tarehe ya kuzaliwa sina, ila Waingereza walipoingia nilikuwa nimekwisha kuvunja ungo. Nina mume ambaye hajanipa talaka, na nina kisasi nilichokianza ambacho sijui nikiishie wapi.

Unene wangu aliutaka yeye mwenyewe. Alipoanza kupata mpunga mwingi alinikataza jembe, akanikalisha jikoni na wali wa nazi, na wageni wakija huwaambia, "Tazameni, mke wangu hana shida." Nami nikala, nikafurahi, nikanenepa mpaka kanga ikawa hainizunguki vizuri.

Siku yenyewe mto ulikuwa umefurika, na sisi watu wa bondeni tumehamia kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo tunamokaa kuamia ndege wasile mpunga. Nilikuwa napanda ngazi, kipandio cha tatu kikavunjika, nikaanguka majini na kanga yangu ikaelea. Badala ya kunipa mkono, mume wangu alisimama juu akapiga kelele, "Nimeoa mke, sikuoa kiboko! Ngazi yangu haibebi kiboko!" Juu ya maji sauti inafika mbali. Madungu yote yalicheka. Aliyeshuka kunivuta ni mama mkwe wangu peke yake, akanifunika kwa kanga yake mwenyewe. Kabla mpunga haujavunwa nilikuwa nimekwisha kurudishwa kwa kaka yangu, kijijini Mahege, na kwenye lile dungu akapandishwa mke mdogo.

Nililia wiki mbili. Wiki ya tatu nilichukua debe la maji nusu, kwenda na kurudi kisimani. Nikapumzika mara nne njiani, magoti yakiniwaka moto, na mke wa kaka yangu nyuma ananitania, "Tembea wifi, kisima hakitakufuata!" Kesho yake tena. Wali nikauacha, tui nikaliacha, nikala mlenda, ugali wa mtama na samaki wa kuchoma. Nikalima shamba la kaka, nikatwanga mpunga wa majirani, nikapiga kafi mpaka viganja vikaota sugu. Kila nilipotaka kukata tamaa nilijitamkia lile neno, kiboko, nguvu zikarudi. Sitawadanganya kwamba nilifanya haya kwa ajili ya afya. Chuki ndiyo iliyonikondesha. Mwaka wa tatu kanga ilinizunguka mara mbili na pindo la kufungia fundo likabaki, na mganga wa zahanati aliponisikiliza moyo aliniuliza kama kweli ni mimi yule yule.

Nikarudi bondeni. Niliomba kwa wazee kipande cha marehemu baba, kinachopakana na shamba la mume wangu. Nguzo nilikata mwenyewe, nikajenga dungu refu kupita la kwake, na siku ya kwanza nikapanda mbele ya macho yake nikiwa na kapu kichwani. Alinitazama mpaka mate yakamkauka. Mcheka kilema hafi bila kumfika: sasa mwenye kitambi ni yeye, magoti yamemvimba, ngazi yake haiwezi. Msimu huu mke mdogo naye amerudi kwao. Alisema, "Mie niliolewa, sikuandikwa kazi ya kuamia ndege."

Sasa siri yangu. Ndege wakitua kwangu, nashuka, nazunguka kwa mtumbwi upande ulio mbali na shamba lake, nawatupia madongo kwa teo ili wainuke waende kwake. Kwake hakuna mtu wa kuwapigia kelele. Wanatua, wanakula. Majirani wananisifu kwa bidii, hawajui kwamba nachunga ndege kama wengine wanavyochunga mbuzi. Kila nikiona masuke yake yamesimama wima, matupu, moyo wangu unapoa.

Juzi alikuja na mtumbwi mpaka chini ya dungu langu. Akajaribu kipandio cha kwanza, akashindwa, akabaki ameikumbatia nguzo.

"Bi mkubwa, nishike mkono nipande. Nimekosa. Rudi nyumbani, uniamie na shamba langu."

Nilimjibu kwa sauti ile ile aliyotumia yeye: "Ngazi yangu haibebi kiboko!" Madungu yakacheka tena. Wallahi, tangu nizaliwe sijapata kusikia kicheko kitamu kama kile.

Lakini jana mama mkwe alimtuma jirani kwangu. Bibi yule sasa haoni vizuri, hatoki nje, anakaa na mwanawe, na chakula chake cha mwaka mzima kinatoka kwenye shamba ninalolimaliza. Hakumwombea mwanawe hata kidogo. Alisema tu, "Mwambieni mkwe wangu, mimi sikumcheka."

Tangu jana nimeshika teo na mkono hautupi. Ndege wanakula kwake, wanakula na kwangu.

Ndugu wasomaji, mpunga ndiyo kwanza unatia maziwa, na ndege hawangoji gazeti. Msinihubirie habari za mume wangu. Huyo akifa kwa njaa nitakwenda kumzika nikiwa nimeshiba. Nishaurini juu ya yule bibi. Kupanda dungu langu hawezi. Nikiliamia shamba lile, au nikimpelekea mpunga wangu mwenyewe, ni mamoja, kwa sababu wanakula sinia moja, na kila tonge nitakalomlisha yeye, mwanawe naye atatia mkono. Nifanye nini?